Kloni za zabibu kavu: unanunua nini hasa?

Mazungumzo ya kilimo cha zabibu huku Nyanda za Juu Kusini hayachukui muda kufika kwenye kloni. Mtu ameona mashamba ya Dodoma akiwa safarini, amepiga hesabu ya bei ya zabibu kavu dukani, ana eka zake mbili Isimani au Usangu, na sasa anataka kujua jambo moja tu: kloni ipi inatoa zabibu kavu nyingi? Mwingine anadakia kwamba kloni ni mmea uliochezewa vinasaba, usiliwe. Wa tatu anauza miche, na kwake kila mche ni kloni ya kisasa.

Wote watatu wanazungumzia kitu ambacho kipo kweli na kina faida, ila kila mmoja amekielewa nusu. Nitaeleza kloni ni nini na wataalamu wanazilinganisha vipi kwa ajili ya zabibu kavu. Kisha nitakuja kwenye mvua zetu na baridi yetu, maana hapo ndipo fedha nyingi zitapotea kama mkulima ataanza na swali la kloni kabla ya mengine.

Aina ni kitu kimoja, kloni ni kingine

Chenin Blanc ni aina ya zabibu. Makutupora nyekundu ni aina. Thompson Seedless, inayotoa sehemu kubwa ya zabibu kavu tunazotia kwenye pilau na keki, nayo ni aina. Aina hutofautiana kwa mambo makubwa: rangi, ladha, ukubwa wa punje, kuwa na mbegu au kutokuwa nazo, kuwahi au kuchelewa kuiva.

Kloni iko ndani ya aina. Ni ukoo wa mizabibu yote iliyotokana na mzabibu mmoja mama kwa kukata vipandikizi, si kwa kupanda mbegu. Anayekwenda kwa jirani kukata marando ya viazi vitamu akayapanda kwake ameshatengeneza kloni: kilichoota shambani kwake ni mmea uleule wa jirani, umeendelea tu mahali pengine. Hakuna kinasaba kilichoongezwa wala kutolewa. Mizabibu imezalishwa hivyo tangu enzi za kale, kwa sababu mbegu ya zabibu ukiipanda inakupa mmea mpya wenye tabia zake mwenyewe, na mara nyingi tabia hizo hazimfai mkulima.

Kwa hiyo hofu ya kula zabibu za kloni haina msingi, na kwa mtu wa Rungwe au Njombe inashangaza zaidi, kwa sababu kloni anayo uani. Kila mparachichi wa Hass uliobebeshwa, popote duniani, ni kloni ya mti mmoja uliopandwa California miaka ya 1920 na mtu wa posta aliyeitwa Rudolph Hass. Aliupatia hataza mwaka 1935. Mti mama wenyewe ulikufa na kukatwa mwaka 2002, lakini vikonyo vyake vimeendelea kubebeshwa kutoka mti hadi mti mpaka vikafika Tukuyu. Wakulima wa chai wa Mufindi nao wanalijua jambo hili vizuri: mashamba mengi ya chai ya kisasa yamepandwa kwa vipandikizi vya kloni zilizochaguliwa, na kituo cha utafiti cha Ngwazi kimefanya kazi miaka mingi ya kulinganisha namna kloni hizo zinavyohimili ukame na zinavyoitikia umwagiliaji.

Basi kama kloni zote za Thompson Seedless zimetoka aina moja, kwa nini zitofautiane hata zihitaji kulinganishwa?

Sababu ya kwanza ni mabadiliko madogo ya asili. Mzabibu unaishi miaka mingi, na seli zake zinagawanyika mamilioni ya mara. Mara moja moja seli ya chipukizi inabadilika kidogo, na tawi linaloota hapo linakuwa na tabia mpya. Mkulima mwenye jicho akiona tawi lenye punje ndefu zaidi au linalowahi kuiva, anakata vipandikizi hapo, na ukoo mpya unaanza. Mabadiliko kama haya yanaweza kuwa makubwa kuliko unavyodhani: Pinot Noir yenye punje nyeusi, Pinot Gris yenye rangi ya kijivu na waridi, na Pinot Blanc yenye punje nyeupe, kiasili ni mzabibu mmoja uliobadilika rangi.

Sababu ya pili haizungumzwi sana na wauza miche, nayo ni virusi. Mzabibu hauponi virusi. Ukikata kipandikizi kwenye mama mgonjwa, watoto wote wanazaliwa wagonjwa. Kuna ugonjwa wa kukunja majani ambao kwenye aina nyekundu unaonekana wazi, majani yanakuwa mekundu huku mishipa ikibaki kijani na kingo zikijikunja kuelekea chini. Kwenye aina nyeupe kama Thompson dalili ni hafifu, unaweza kupita katikati ya mistari usione kitu. Lakini sukari inachelewa kupanda na mavuno yanapungua. Kwa hiyo mtu anaweza kulinganisha "kloni nzuri" na "kloni mbaya" na kumbe analinganisha mmea mzima na mmea mgonjwa wa ukoo uleule. Ndiyo maana vituo vikubwa, kama kile cha Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, hupima virusi kwanza, na pale inapobidi husafisha mmea kwa kukuza ncha ndogo sana ya chipukizi maabara, kabla ya kuupa namba ya kloni.

Hizo namba ndizo utakazokutana nazo: 2A huko California, H5 na M12 huko Australia. Hazina siri yoyote. Ni kama namba ya usajili inayokuwezesha kufuatilia mche wako hadi kwa mama yake. Mche ambao muuzaji anauita "wa kloni" bila kukutajia aina wala namba hauna tofauti na kipandikizi kilichookotwa kando ya barabara.

Zabibu isiyo na mbegu inatoka wapi

Kabla ya kwenda kwenye mizani, niseme neno kuhusu mbegu, kwa sababu wapo wanaoamini zabibu huchomwa sindano ili mbegu zipotee.

Thompson Seedless haikutengenezwa na mtu. Ni aina ya kale sana ya upande wa Uturuki na Uajemi, na huko inaitwa Sultana au Kishmish. Jina la Thompson lilikuja baadaye, miaka ya 1870, wakati mhamiaji Mwingereza aitwaye William Thompson alipoagiza vipandikizi kutoka New York na kuvipanda California. Ua la mzabibu huu huchavushwa kama kawaida, na mbegu huanza kukua, halafu hufa ikiwa bado changa na laini. Ukiikata punje kwa kisu utaona kijialama kidogo mahali mbegu ilipoishia. Ni tabia ya asili, na imehifadhiwa kwa vipandikizi kizazi hadi kizazi, maana mmea usio na mbegu hauna njia nyingine ya kuzaliana. Kuna aina nyingine, Black Corinth, yenye vipunje vidogo vyeusi, ambayo tunda lake hukua bila mbegu kuanza kabisa.

Kuna dawa ya homoni inayopuliziwa zabibu za kula mbichi ili punje zikue. Hiyo ipo, lakini haiondoi mbegu kwenye Thompson, kwa kuwa mbegu zake hufa zenyewe zikiwa changa.

Zabibu yenye mbegu nayo hukaushwa. Muscat of Alexandria imetoa zabibu kavu nzuri kwa karne nyingi, ila mlaji anatafuna mbegu, na ukitaka kuziondoa unahitaji mashine. Anayefikiria kukausha Chenin Blanc ya Dodoma inayolimwa kwa mvinyo ajue kwamba itakauka vizuri tu, lakini mpishi wa keki hataifurahia.

Na rangi? Zabibu kavu za kahawia na zile za dhahabu zinazouzwa ghali mara nyingi ni Thompson ileile. Ya kahawia imeanikwa juani, na vimeng'enya vya ngozi yake vikaigeuza rangi, vilevile tufaa lililokatwa linavyogeuka. Ya dhahabu imefukizwa salfa ili isigeuke, kisha ikakaushwa kwa mashine ya joto. Anayekuuzia mche wa "zabibu kavu za dhahabu" anakuuzia kitu kinachopatikana baada ya kuvuna.

Kilo za kikapuni si kilo za gunia

Hapa ndipo kulinganisha kloni kwa ajili ya zabibu kavu kunapotofautiana na kulinganisha kwa ajili ya zabibu mbichi, na ningependa msomaji asiruke sehemu hii.

Mwenye kuuza zabibu mbichi anauza maji pamoja na sukari. Mwenye kuuza zabibu kavu maji yanampotelea hewani, na anabaki kuuza sukari na ngozi. Zabibu kavu inayohifadhika vizuri huwa na unyevu wa karibu asilimia 15, yaani asilimia 85 ni kitu kigumu, na sehemu kubwa ya kitu hicho ni sukari. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha mkaushaji ni sukari iliyomo kwenye juisi, inayosomwa kwa refraktomita, kidude cha mkononi unachodondoshea tone la juisi na kukitazama kwenye mwanga. Kipimo chake huitwa Brix. Brix 20 maana yake ni gramu 20 za sukari, kwa makadirio, katika kila gramu 100 za juisi.

Chukua mfano wa mizabibu miwili. Kloni ya kwanza imekupa kilo 12 kwa mche, Brix 18. Ya pili imekupa kilo 10, Brix 22. Shambani kila mtu atasifu ile ya kwanza, vichala vinaning'inia hadi raha. Sasa piga hesabu ya sukari peke yake. Kilo 12 mara 18, gawanya kwa 85: unapata kilo 2.54 za zabibu kavu. Kilo 10 mara 22, gawanya kwa 85: unapata kilo 2.59. Ile iliyoonekana kushindwa kwa kilo mbili imeongoza kidogo, na umebeba vikapu vichache, umetumia nafasi ndogo ya kuanikia, na imekauka haraka kwa kuwa maji yake ni machache. Zaidi ya hapo, punje yenye sukari nyingi inakauka ikiwa nene yenye mikunjo midogo midogo. Punje iliyovunwa kabla ya wakati inabaki ngozi tupu, nyepesi na chachu. California huzipitisha zabibu kavu kwenye mkondo wa hewa unaotenganisha nzito na nyepesi, na daraja hutolewa hapo.

Kutokana na hesabu hii utaelewa kwa nini kwa kawaida huhitajika kilo nne hivi, au zaidi kidogo, za zabibu mbichi kupata kilo moja kavu. Utaelewa pia mtego wa kloni inayozaa mno. Mzabibu una majani ya kiasi fulani, na majani ndiyo yanayotengeneza sukari. Vichala vikizidi, kila kimoja kinapata kidogo, na kuiva kunachelewa. Anayekupa takwimu ya tani kwa eka peke yake hajakuambia lolote kuhusu zabibu kavu mpaka akutajie na Brix ya siku ya kuvuna.

Kuna vipimo vingine wanavyoviangalia: uzito wa punje, kubana kwa kichala (kichala kilichobana sana hushika unyevu katikati na kuoza), ngozi isiyopasuka, punje kuachia kikonyo kirahisi baada ya kukauka, na ukubwa wa kile kijialama cha mbegu. Lakini sukari kwa tarehe fulani ndiyo mama yao.

Na ulinganisho wenyewe una masharti. Kloni zinapandwa shamba moja, udongo mmoja, siku moja, nafasi sawa. Zinachanganywa: kila kloni inawekwa kwenye vipande kadhaa vilivyotawanyika shambani, ili isije ikawa moja imependelewa na upande wenye rutuba. Kama zimebebeshwa, basi ziwe juu ya shina la chini (mzabibu mwingine unaotoa mizizi) la aina moja, kwa sababu shina la chini nalo linabadilisha nguvu ya mmea na mavuno. Mashina hayo, yale yanayomhimili mdudu wa mizizi aitwaye filoksera, yalianza kutumika kwa wingi baada ya mdudu huyo kuangamiza mashamba ya mizabibu ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860. Halafu zinapimwa miaka kadhaa, si msimu mmoja. Mzabibu huanza kuzaa vya maana mwaka wa tatu hivi, na mwaka wa mvua nyingi unaweza kugeuza matokeo ya mwaka wa jua.

Tofauti kati ya kloni safi za aina moja, zikilinganishwa kwa haki namna hiyo, huwa ni ndogo. Zinastahili kutafutwa, na kwa mwenye shamba kubwa zinaleta fedha. Ila tofauti kati ya aina na aina ni kubwa zaidi. Kwa mfano Fiesta, iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani miaka ya 1970, huiva takriban wiki moja hadi mbili kabla ya Thompson. Selma Pete, iliyotoka mwaka 2001, nayo huwahi. Na tofauti kati ya tarehe nzuri ya kuvuna na tarehe mbaya inaweza kuwa mavuno yote.

Mvua ndiyo yenye neno

California hukausha zabibu zake kwa kuzilaza juu ya karatasi katikati ya mistari, mwisho wa Agosti na Septemba, kwa wiki mbili hadi tatu. Wanafanya hivyo kwa sababu bonde la San Joaquin huwa kavu kabisa miezi hiyo. Hata wao waliwahi kuumia: mwaka 1976, na tena 1978, mvua ilinyesha Septemba zabibu zikiwa chini, na sehemu kubwa ya mazao ikaharibika. Ndiyo maana watafiti wao walihangaika kutafuta aina zinazowahi kuiva, hata kwa siku kumi tu. Siku kumi hizo ndizo zinazowatenganisha na mawingu.

Sasa tulete kwetu. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Kwa mkaushaji wa zabibu hiyo ni habari njema sana, mradi zabibu ziive ndani ya kiangazi. Na kwetu hilo haliamuliwi na majira ya baridi kama Ulaya, linaamuliwa na mkasi. Mzabibu wa nchi za joto hausinzii wenyewe vya kutosha. Mkulima anaupunguzia maji, anaupogoa, na siku ya kupogoa ndiyo inayoanza kuhesabu. Kuanzia hapo hadi kuvuna ni miezi minne hadi mitano, kutegemea aina na joto. Dodoma hutumia nafasi hiyo kuvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili yanaangukia kiangazi, karibu Agosti na Septemba.

Aliyepogoa vibaya akaivisha Februari anaweza kuwa na kloni bora kuliko zote duniani, na zabibu zake zitaoza na ubwiri (ugonjwa wa ukungu) kabla hazijafika kwenye turubai.

Kisha kuna suala la mahali. Mufindi kwenye chai kuna ukungu na manyunyu hata Juni na Julai. Makete na sehemu za Njombe zina baridi kali, na mabondeni barafu hutanda alfajiri. Kyela na Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hayo ni maeneo mazuri kwa mazao yake, na zabibu kavu haimo. Mwenye nafasi ya kujaribu ni aliye chini, kwenye joto na ukavu: ukanda wa Isimani ukishuka kuelekea Migoli na bwawa la Mtera, Pawaga, na bonde la Usangu upande wa Mbarali, penye maji ya kumwagilia. Shamba la Isimani linafanana na Dodoma kuliko linavyofanana na Mafinga, ingawa Isimani na Mafinga ziko mkoa mmoja.

Lipo jambo moja la Thompson ambalo wengi hulijua wakiwa wameshapanda. Macho (sehemu zinazochipua) ya chini ya tawi lake, yale yaliyo karibu na shina, hayazai au huzaa kidogo. Vichala hutoka kwenye macho ya mbele. Ukiipogoa fupi, ukibakiza macho mawili matatu, utapata msitu wa majani mabichi bila zabibu, na utamlaumu aliyekuuzia kloni. Thompson inataka kuachiwa matawi marefu, macho kumi hadi kumi na tano kila tawi, yafungwe kwenye waya.

Hata macho hayo ya mbele hayana vichala kwa bahati. Kichala cha msimu ujao huumbwa ndani ya jicho msimu uliotangulia, na kinahitaji joto na mwanga mwingi wakati kinaumbwa. Mawingu yakitanda wiki hizo, jicho linabaki tupu. Wahindi wa jimbo la Maharashtra wanalijua hili kuliko sisi. Wanalima Thompson na kloni walizozichagua wenyewe kutoka ndani yake, kama Tas-A-Ganesh, Sonaka na Manik Chaman, kwenye nchi ya joto yenye mvua za msimu kama yetu. Wanapogoa mara mbili na kuvuna mara moja. Aprili, jua likiwa kali, wanakata ili matawi mapya yaumbe vichala machoni kabla mawingu ya Juni hayajafika. Oktoba, mvua ikiisha, wanakata tena ili vichala vitoke. Zabibu zinaiva kwenye ukavu.

Ukiigeuza kalenda hiyo kwa mvua zetu, mantiki inakuwa hivi: kata baada ya mavuno ya Septemba, ili matawi mapya yapate jua la Oktoba na Novemba kabla mvua hazijakolea. Yalinde dhidi ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya wakati wote wa masika. Kata tena mvua zikikaribia kukoma, Aprili au Mei, uvune Septemba. Julai ya baridi itapunguza mwendo kidogo, na ndiyo sababu nyingine ya kushuka mabondeni. Anayetaka Thompson ivunwe mara mbili kwa mwaka kwa kuwa zabibu za mvinyo za Dodoma huvunwa hivyo, anaunyima mzabibu wakati wa kuumba vichala.

Kuhusu kukausha kwenyewe nitasema machache. Ngozi ya zabibu ina nta inayozuia maji kutoka. Uturuki na Australia huzichovya zabibu kwenye maji yenye potasiamu kaboneti na mafuta kidogo, nta inalegea, na muda wa kukauka hupungua hadi karibu nusu. Zamani potasi hiyo ilitoka kwenye majivu ya kuni. Kwetu chanja lililoinuliwa kutoka ardhini linafaa kuliko turubai lililolala chini, kwa sababu hewa inapita chini na juu, na vumbi la Isimani la Septemba halishiki kwenye sukari. Wavu wa kuzuia ndege usikosekane.

Maswali ya kumuuliza muuza miche

Muulize aina, kwa jina kamili. Muulize kloni, kwa namba, na mahali mama alikotoka. Muulize kama mama alipimwa virusi, na nani alipima. Muulize kama mche umebebeshwa, na juu ya shina gani. Asipoweza kujibu mawili ya kwanza, bei ya kloni haina uhalali. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Makutupora, Dodoma, ndicho chenye dhamana ya utafiti wa zabibu nchini, na ni busara kuanzia huko kabla ya kutuma fedha kwa mtu wa mtandaoni.

Na tafadhali, mtu asikuletee vipandikizi kwenye begi kutoka nje ya nchi kama zawadi. Mimea ya kupanda huingizwa kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Sheria hiyo inalinda zaidi ya shamba lako. Virusi na filoksera havina tiba shambani, na kipandikizi kimoja kinatosha kuviingiza ukanda mzima ambao bado hauna hata historia ya zabibu.

Kwa atakayeamua kujaribu, aanze na mistari michache. Aina mbili au tatu, kloni zinazojulikana, zikiwa zimechanganywa shambani, kila mche ukiwa na kibao chake na daftari moja la kumbukumbu: tarehe ya kupogoa, tarehe ya maua, idadi ya vichala, Brix ya kila wiki kuanzia punje zinapolainika. Mwaka wa tatu vuna kila kloni ikifika Brix 22, si siku moja kwa zote, na andika imefika lini. Anika kila moja kwenye chanja lake, na upeleke kwenye mizani zikiwa zimekauka.